Maswali Yenu: Mbona Wanasayansi Hubadili Kauli?

Leo wanasema hivi, kesho vile. Tuwaamini vipi?

Swali hili haliishi kuja, na kila anayeliuliza huchukulia kusahihisha ni kuyumba. Eratosthenes, msomi wa Kigiriki, alikadiria mzingo wa dunia kwa vivuli vya jua huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Baadaye Newton, mwanafizikia Mwingereza, akaonyesha kwamba dunia si duara kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha. Je, dunia iligeuka bapa? La. Kipimo kiliboreshwa.

Galileo ndiye aliyegundua kuwa dunia huzunguka jua?

Siye. Mgiriki Aristarchus wa Samos alilisema karne ya 3 kabla ya Kristo, na Copernicus, mwanaastronomia wa Ulaya, akalichapishia kitabu mwaka 1543. Galileo aliona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii (Jupiter) mwaka 1610, ushahidi kwamba si kila kitu angani huizunguka dunia. Na msiruke kutoka Ugiriki hadi Ulaya kana kwamba katikati watu walilala: hesabu za mwendo wa mwezi za mwanaastronomia Ibn al-Shatir wa Damascus, karne ya 14, zinalingana na za Copernicus.

Mwanaastronomia Hubble alijuaje kuwa kuna galaksi nyingine, yaani makundi makubwa ya nyota nje ya letu?

Kwa kazi ya mwanaastronomia Mmarekani Henrietta Leavitt, na inaniudhi jina lake linapoachwa. Kabla yake, Mjerumani Bessel alipima umbali wa nyota mwaka 1838, lakini njia yake ilifaa nyota za karibu tu. Leavitt, akichunguza picha za anga kule Harvard, aligundua kwamba kuna nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na kadiri zamu inavyorefuka ndivyo nyota ilivyo na mwanga mkali zaidi. Ukishajua ukali halisi, linganisha na mwanga unaotufikia, utapata umbali. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1912. Mwaka 1923 Hubble aliipata nyota ya aina hiyo katika Andromeda, ambayo leo tunaijua kuwa galaksi, akapiga hesabu, ikawa mbali mno kuwa ndani ya galaksi yetu. Leavitt alikwisha kufariki mwaka 1921.

Mlipuko Mkuu (Big Bang), mwanzo wa ulimwengu, ulitokea upande gani?

Kila upande. Ni anga lenyewe linalotanuka, halina kitovu. Acheni kunitumia michoro ya mabomu.

Nyota yangu inasemaje kuhusu ndoa?

Haisemi kitu. Msitoe pesa kwa anayedai inasema.

Sasa tumeujua ulimwengu wote?

Maada ya kawaida, yaani nyota, sayari, gesi na miili yetu, ni takriban asilimia 5 tu ya ulimwengu. Sehemu kubwa iliyobaki tunaitambua kwa athari zake, kama kasi ya nyota zinazozunguka galaksi, lakini asili yake bado inatafutwa.