Petroli yako inaishia kwenye breki

Kila tarehe 14 EPRA, wale wa serikali ya Kenya wanaopanga bei ya mafuta, wakitangaza bei, magrupu ya WhatsApp yanajaa malalamiko, halafu kesho yake asubuhi pale Daraja la Nyali waona watu walewale wanakanyaga mafuta kama wanafukuzwa, na foleni iko palepale mbele yao, breki kiii. Mie kazi yangu ni kuendesha, Mtwapa, mjini, saa zingine Mariakani, na mafuta yanatoka mfukoni mwangu mwenyewe, kwa hiyo hili jambo naliangalia sana. Ile spidi uliyonayo umeinunua kwa petroli, ukikanyaga breki yote inageuka joto na kupotelea hewani, hairudi kwa tangi.

Kwa hiyo tazama mbali. Nikishuka darajani nikiona taa nyekundu za gari kule Buxton natoa mguu kwa mafuta mapema, gari inajiendea yenyewe, na mara nyingi nikifika foleni imeshaanza kusonga, sijagusa breki. Wa nyuma atapiga honi, mwache apige. Na wajua, hizi gari za EFI, zile ambazo petroli inapimwa na kompyuta, ukitoa mguu ikiwa kwenye gia na inakwenda, kompyuta inakata petroli kabisa mpaka mizunguko ya injini ishuke sana.

Ndio maana ile tabia ya kuweka frii, yaani kutoa gia, kwenye mteremko wa Mazeras inaniudhi wallahi. Kwenye frii injini lazima ichome mafuta kidogo isizimike, kwenye gia haichomi kitu, na zaidi ya hapo injini inakusaidia kuishika gari. Ukiweka frii kazi yote inabaki kwa breki, zikipata moto sana zinalegea, na mbele yako kuna trela la kontena. Kuzima gari kabisa ikiteremka ndio mbaya zaidi, breki zinakuwa ngumu na usukani mzito. Na usimgande trela kwa nyuma ati akukinge upepo, akisimama ghafla huna pa kwenda.

Barabara ikifunguka usikimbie tu. Ukitoka 80 kwenda 100 nguvu ya upepo unaoisukuma gari nyuma inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na keria tupu juu ya paa ndio yazidisha.

Sasa breki inayoshika bila kukanyagwa, hii kwetu pwani ipo sana manake hewa ya chumvi inakula chuma, zile pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi, zinapata kutu, pedi haiachii vizuri. Ukishafika, kama hukufunga breki nyingi njiani, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa inachoma kuliko wenzake, peleka kwa fundi apige jeki azungushe hiyo gurudumu kwa mkono, ikiwa nzito atoe pini azisafishe na azipake grisi ya breki, sio grisi yoyote tu. Ya kwangu ya mbele kushoto ilikuwa hivyo, baada ya kutengenezwa ukiachilia mafuta waisikia kabisa gari inateleza.

Upepo wa taya, yaani tairi, pima asubuhi kabla hujatembea. Mchana lami ya Mombasa inachoma, presha inapanda, mtu anaona imezidi anapunguza, usiku taya ziko chini na gari inavuta kwa shida. Kipimo kiko kwenye stika ya mlango wa dereva, gari nyingi za Japani zimeandikwa kPa, 230 ni kama 33 psi. Wale wanaojaza mpaka 45 wapate mteremko wa bure waangalie mvua za masika zikianza, taya haishiki barabara.

Halafu thamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi huku wanaitoa, wanakwambia Mombasa joto, haina kazi. Ina kazi! Injini inataka kuwa na joto lake, karibu nyuzi 80 mpaka 90, ukiitoa inachelewa kufika, na kwenye highway upepo unaipoza, kompyuta inadhani bado ni baridi inaongeza petroli. Geji ya joto ikikaa chini safari nzima, muulize fundi kama thamostati ipo. Kama gari inachemsha tafuta kinachochemsha, rejeta, feni, maji yanavuja, usitoe thamostati.

Feri ya Likoni foleni ikisimama kabisa zima injini, gari ya cc 1500 ikinguruma hapo inaweza kula kama nusu lita au zaidi kwa saa, na AC juu yake. Lakini AC yenyewe usiiogope. Fungua milango kwanza joto litoke, tembea kidogo na vioo wazi, ndio uwashe. Dereva aliyechoka kwa joto anasinzia, na kwenye mvua bila AC kioo kinafanya ukungu huoni kitu.

Kujua kama yanasaidia, jaza mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha tripu kwenye sifuri, ukijaza tena gawa kilomita kwa lita. Namba ikishuka ghafla anza na taya na breki kabla hujauziwa plagi mpya.