Betri ikisoma volti 12.6 usikimbilie kusema "nzima hii"

Jana kijana wangu mmoja kaniharibia chai. Mteja katoka Mbagala na foleni yake yote, kaingiza gari gerejini, analalamika kwamba asubuhi stata inajikongoja. Kijana kafungua boneti, kagusisha mita kwenye terminali za betri, kasoma volti 12.6, kafunga boneti. "Nzima hii mzee. Shida ni stata." Nikanyanyuka, maana maneno hayo hayo, kwa kujiamini kule kule, niliwahi kuyasema mimi.

Haya, wadogo zangu, kwa mara ya mwisho (najua si ya mwisho).

1. Betri iliyotoka barabarani haipimwi hapo hapo. Altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, imeishindilia chaji ya juujuu. Washa taa kubwa dakika mbili tatu, zima, iache itulie, ndipo upime; gari likilala usiku mzima ni bora zaidi. 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 hiyo haina kitu.

2. Hata 12.6 ya haki haitoshi. Betri iliyochoka ni sawa na simtanki lililojaa tope: ukichungulia maji yamefika juu, ukifungua bomba hujazi ndoo mbili. Mtu apige stata, wewe macho kwenye mita. Kama ilikuwa imejaa na inaporomoka chini ya 9.6, iandikie barua ya kustaafu.

Namba 2 hiyo nilifundishwa na mwalimu mstaafu mwenye Corolla ya otomatiki. Ilikuwa 2013, stendi bado Ubungo. Alikuja Ijumaa, kesho yake anakwenda harusini Korogwe. Nikapima gari likiwa bado la moto, nikaona namba nzuri, nikashusha stata, nikabadilisha kaboni, nikala hela yake. Hapo gerejini likawaka mara moja, tukapeana mikono.

Jumamosi saa nne asubuhi simu inalia. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Halafu kimya. Halafu: "Mwanangu, niko Chalinze." Alizima gari anunue maji ya kunywa, likagoma. Vijana wakajitolea kusukuma mpaka wakajua ni otomatiki. Dereva wa lori akambusti, likawaka, akalipeleka kituo cha mafuta, akalizima tena. Mwisho wa safari. Nikamwambia hapo Chalinze betri zinauzwa. Akasema maduka anayaona, pesa anayo, ila anamsubiri fundi aliyesema betri ni nzima.

Nikakopa betri mpya saizi ya NS60 dukani. Zamani hizo asidi wanakujazia palepale, na mimi kwa haraka sikukaza vifuniko. Nikapanda basi la Morogoro, konda akakataa kuiweka kwenye buti na mizigo ya watu, nikaipakata kama mtoto, nimeizungushia kiroba. Nilipofika, mwalimu alikuwa amekaa kwenye kivuli na suti yake ya harusi, mkewe ndani ya gari hageuzi shingo. Nikafungua ya zamani kwa spana namba 10, nikafunga mpya, likawaka. Mwalimu akahesabu bei ya betri, akanipa, akaongeza na nauli. Hakunigombeza hata neno moja. Ningependa angenigombeza.

Jinzi niliyovaa siku ile ilionekana haina kasoro. Ilipofuliwa Jumapili ikatoka mapajani ina matundu kama chujio la nazi.

3. 10.5 iliyoganda hapo ni selo moja, yaani chumba kimoja cha ndani ya betri, imekufa. Selo ziko sita, kila moja 2.1, piga hesabu mwenyewe. Usimwambie mteja "niachie niichaji", unamuibia.

4. Kabla hujauza betri, pima gari likiwa linaunguruma. 13.8 mpaka 14.4 altaneta inafanya kazi. Ikibaki kwenye 12 na kitu, betri mpya nayo utaizika. Ikipita 15, regileta inayopaswa kuizuia altaneta imeharibika, inaipika betri: maji yanakauka, ubavu unavimba, inanuka yai viza. Iliyovimba usibishane nayo, itoe, hasi kwanza.

5. Unga mweupe kwenye terminali: maji ya moto, brashi, kaza, halafu pima upya. Nyingi mnazohukumu kifo zilikuwa chafu tu. Na waya wa bodi, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, mnausahau kila siku.

6. Muulize mteja saa ya dashibodi. Kama kila akiwasha inarudi 1:00, umeme unaporomoka stata inapovuta, na hajui kwamba keshakupa jibu.

7. Umri. Watu wanadhani betri inauliwa na baridi kwa sababu ndivyo inavyosemwa kwenye video za Ulaya. Kwa joto la Dar maji yanapungua na sahani zinaliwa haraka. Ninazozishusha mimi nyingi zina miaka miwili, mitatu. Tarehe unapofunga iandike juu kwa maka, maana mteja atakuapia kwamba aliinunua "juzi tu". Juzi ya mteja mmoja nilikuta ina miaka minne.

8. Zile zenye vifuniko, ongeza maji ya betri, siyo asidi, na pima kila selo kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi; moja ikiwa chini sana ya wenzake, hakuna cha kuongeza. Haidromita ya gereji hutundikwa kwenye msumari karibu na dirisha. Tangu Jumatatu msumari uko peke yake. Aliyeichukua airudishe, sitauliza ni nani.