Wakili wa mji mdogo hana pa kujificha

Mmeuliza wiki hii, eti wakili akiacha jiji akafungua ofisi mji mdogo na akaishi porini kabisa, si amejizika? Mi niko huku miaka mingi, nawajibu: kujizika utatamani mwenyewe, hutapata nafasi.

Nyoka na giza mnavyoviogopa vinazoeleka, ukiwa na sola na betri ya maana unasoma faili usiku vizuri tu. Kinachonitesa ni ule muda wa kisheria wa kukata rufaa au kujibu madai, wenyewe haujui mto umejaa na barabara imekatika, ukipita umepita, labda uombe kuongezewa na utoe sababu nzito. Ndo maana mi nawasilisha mapema. Na wosia au hati ya mtu siilazi nyumbani ng'o, mchwa hachagui orijino na kopi.

Kazi yenyewe tamu lakini. Asubuhi mirathi, mchana mpaka wa shamba, jioni kijana kakamatwa. Abraham Lincoln, yule wa Marekani, kabla ya urais alikuwa wakili wa hivi hivi, chuo cha sheria hajapita, leseni kapata 1836, akawa anazunguka vimji vya Illinois na jaji na mawakili wenzie, mchana wanabishana kortini usiku wanalala nyumba moja ya wageni. Hata sisi leo unambana shahidi kwa maswali mpaka anatoka jasho, kesho mnabeba jeneza pamoja.

Gumu hasa ni mgongano wa maslahi. Mume kaja kuulizia talaka, wiki hiyo hiyo mke anapiga simu, na siwezi hata kumwambia kwa nini simchukui, maana nikitaja tu kwamba mumewe alikuja nimeshavunja siri ya mteja. Unabaki na "dada yangu hii siiwezi, jaribu mji wa pili", anakuona una maringo.

Halafu kamati, wanakutaka zote sababu unajua kuandika katiba ya kikundi. Naingia, ila kikundi kikishtakiana na mtu mi si wakili wao. Kamati ya maji walininunia nilipokataa kumshtaki jirani aliyeziba mfereji, kumbe huyo jirani ni mteja wangu, na hilo nalo silisemi. Wakatafuta wakili mwingine akamwandikia jirani barua ya madai, mi nikaendelea kuandika muhtasari wa vikao. Jirani mpaka leo hanisalimii, anaamini ile barua ya madai niliiandika mimi.