Maji ya saa nne

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mama yako akiwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Mko sita, wenzako wa kazini. Mnateremka kutoka Nairobi Ijumaa, Jumamosi saa nne asubuhi mmeshapanda kayaki hapa kwenye hori letu la Mida, mzunguke mikokoni hadi kisiwa cha Kirepwe, saa saba mko hotelini mnakula. Na swali lako ni moja: mkodi kayaki za mtu mmoja mmoja au za wawili wawili?

Za wawili. Haya, hilo limekwisha.

Sasa nikuulize mimi. Umetazama mwezi? Jumamosi hiyo mwezi uko kumi na tano. Ni bamvua, mwanangu, maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana. Saa nne asubuhi ya bamvua Mida haina maji, ina matope na kaa wa gando moja wanaokupungia mkono. Mtoto aliyezaliwa Nairobi ningemsamehe. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji yetu hujaa saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na saa nne yamekupwa yote. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, mpaka wiki ikitimia mambo yamegeuka: saa nne ndiyo yamejaa, ingawa hayo ni maji mafu, maji madogo, yanajaa shingo upande. Nilikufundisha haya ukiwa hujafika urefu wa kafi. Na nilikwambia jambo moja ambalo najua unalicheka na dada yako: usiulize maji yanaingia saa ngapi, uliza yanatoka saa ngapi.

Usidhani nasema hivi kwa kuwa nina akili. Siku ile ya mtumbwi wa mjomba wako, wewe hudai unakumbuka maembe tu. Mimi nakumbuka mengine.

Ilikuwa 1999, El Niño imeshapita na daraja la kwenda kwa bibi yako bado halijatengenezwa. Mwezi ulikuwa kumi na tisa, maji yamejaa saa moja na nusu asubuhi. Mjomba wako nyuma, tezi, na pondo lake, mimi mbele, omo, na kafi, wewe katikati umekumbatia kapu. Tulipatana saa tatu tuwe tumerudi. Lakini nilitaka uwaone wale ndege weusi kwa weupe, wenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, wanaozaliana Uarabuni halafu wanakuja kukaa kwetu miezi ya kaskazi. Nilijua kijito wanakopenda, ndani kabisa, ambako mikoko inakutana juu ya kichwa.

Tulipofika mdomoni mwa kijito mjomba wako akasimamisha pondo. "Shemeji, maji yamegeuka. Tazama jani lile." Jani la mkoko, la manjano, linatupita taratibu kuelekea baharini. Nikamjibu, na maneno yenyewe natamani ningeyasahau: "Mimi nimesoma jedwali la maji la Kilindini, wewe unasoma majani."

Hakusema kitu. Akaingiza mtumbwi.

Jedwali halikukosea, nakiri mpaka leo. Lakini lilitengenezwa kwa ajili ya bandari yenye kina cha meli, si kwa kijito kinachokauka wakati mkondo mkubwa bado una maji ya kuelea. Ndege tuliwaona. Ulipiga kelele wakaruka wote, nikacheka, na nilikuwa bado nacheka niliposikia tumbo la mtumbwi linasugua chini. Kisha kimya. Tukapwelewa, saa nne haijafika.

Mjomba wako akashuka kusukuma. Matope yakamfika magotini, na pale chini kwenye mizizi, chaza wakamkata unyayo kutoka kidoleni hadi kisiginoni. Mtumbwi wa mwembe haunyanyuliwi na watu wawili, mmoja wao akivuja damu. Nikachana shati langu tukamfunga. Wakapita kina mama wa kuokota kombe, wanatembea kwa miguu pale tulipopita kwa kafi, mmoja akauliza, "Jamani, mnangoja feri?" Mjomba wako alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Tulikaa mpaka saa kumi na moja jioni. Wewe ulilala kwenye mapaja yangu, juisi ya embe imekugandia shavuni, na matope yale yakawa yanaalika, tak, tak, kila upande, kama mtu anayevunja njiti. Nimekwenda Mida mara nyingi tangu hapo na sijapata tena saa nzuri kama zile. Ona nilivyo. Nakuandikia kukuonya, na kumbe naisifu.

Mama yako alikuwa ufukweni tangu adhuhuri. Kabla sijafungua kinywa mjomba wako akasema, "Kosa langu, dada, mimi ndiye niliyewachelewesha." Nami nikanyamaza. Alichechemea hadi Ramadhani, na mama yako akamwita mzembe hadi alipomzika. Kipande hiki cha barua sitamsomea.

Kwa hiyo kuhusu ulivyoandika kwamba hamtachukua kijana wa hapa awaongoze, kwa kuwa "simu ina ramani". Labda una haki. Kayaki ya plastiki ni nyepesi, inaelea pasipoelea mtumbwi, na mkikwama mnainyanyua mnakwenda zenu. Ila mnakwenda wapi? Mchanga wa katikati unakanyagika, matope ya mikokoni yanamshika mtu mguu kama anamdai. Na ramani ya simu yako itakuonyesha rangi ya buluu mahali ambapo kina mama wanatembea. Sisemi mchukue, sisemi msichukue. Tangu yale mambo ya kiwanja niliapa sikuamulii tena jambo. Ningekuwa mimi ninge... basi, naacha.

Saa tu ndiyo nitaitia mdomo, kwa sababu saa si uamuzi, ni maji. Kama ni Jumamosi hiyo hiyo, laleni mpaka mchoke, muingie saa nane mchana. Maji yanaingia, yatawabeba wenyewe. Yakisimama, saa kumi, geuzeni hata kama hamjafika Kirepwe, hata kama kuna ndege. Magharibi iwakute nchi kavu. Kwenye mlango wa Mida msisogee yakiwa yanatoka; pale pembamba maji yote hayo yanagombania kupita, na wale samaki wakubwa, tewa, walioko mapangoni hawahitaji kutembelewa. Maji ya kunywa bebeni mara mbili ya mnavyofikiri.

Na viatu vya kufunga kamba, wote sita. Kandambili zitabaki matopeni na nyayo zitabaki na chaza.

Mama yako anauliza kama wenzako wanakula pweza, ajue mapema.

Baba yako