Juni 31: barua iliyonifunza kusumbuana na kaunti

Wiki jana dada mmoja wa upande wa Ruai aliniandikia: "Mama Nafaka, mtaro wenu ulitengenezwa vipi? Sisi tumepiga kelele hadi sauti zimekauka. Wewe unajuana na nani huko?"

Swali la mwisho lilinichoma. Mtaa mzima unaamini kuna mtu ninayejuana naye. Wasioamini hivyo wanaamini ni kazi ya mheshimiwa, kwa sababu jina lake ndilo liko kwenye bango pale kalavati ilipo, herufi kubwa kuliko mlango wa duka langu. Basi leo nitajibu kirefu, na ukiona nimejisifu, univumilie. Nimengoja sana.

Sijuani na mtu. Nilikuwa na faili ya plastiki ya kijani, ya shilingi 50, na ndani yake karatasi 17 zenye muhuri. Ushauri wangu wote ni huo: muhuri. Unaweza kuacha kusoma hapa ukaenda kununua faili. Lakini najua wewe pia una mtaro wako, au bomba lililopasuka, au jaa la takataka mbele ya lango, na pengine moyoni unajiona siku moja ukiwa mwenyekiti wa wakazi au hata zaidi. Kaa nikueleze.

Nianze pale penye aibu.

Mvua ya Aprili 2024 hakuna Mnairobi aliyeisahau. Mathare nyumba zilienda na mto. Huku kwetu Eastlands hakufa mtu, kwa hiyo hakuna kamera iliyokuja. Mtaro uliozibwa na chupa na nepi ulijaa, maji yakaingia dukani usiku, yakakaa. Magunia mengi nilikuwa nimeyapandisha juu ya mbao. Mawili ya rosekoko, kilo 90 kila moja, yalikuwa sakafuni kwa sababu yalishushwa jioni na kijana wa mkokoteni alikuwa na haraka. Siku ya nne niliyafikia. Maharagwe hayakuwa yameoza, yalikuwa yameota. Vichipukizi vyeupe vilikuwa vimejipenyeza kati ya nyuzi za gunia, ungedhani gunia limeota mvi. Nilipotia mkono ndani kulikuwa na joto, joto la tumbo la mtoto mwenye homa. Nilikaa juu ya ndoo nikacheka, kisha nikalia.

Mwezi wa tano akaja kijana mmoja nadhifu, kadi inaning'inia shingoni, akasema anafanya kazi "kule juu" na anaweza kutuletea tingatinga, ila mafuta tujitolee. Mimi, mtu mzima, mwenye duka, ninayehesabu gorogoro za mahindi kutwa bila kukosea hata moja, nilikusanya shilingi 500 kutoka kwa majirani 26. Pesa ziliingia kwenye simu yangu na zikatoka kwenye simu yangu. Shilingi 13,000. Baada ya siku tatu nambari yake ikawa mteja hapatikani.

Kwenye kikundi chetu cha wasapu mtu alituma picha ya panya. Hakuandika chochote, panya tu. Watu 9 wakaipenda. Niliwahesabu na majina yao ninayo mpaka leo, na baadhi yao bado wananunua ndengu kwangu kwa deni. Pesa nilizirudisha polepole, wengine kwa shilingi, wengine kwa unga. Hakuna aliyeniambia pole. Wewe unayetaka uongozi wa mtaa, jiandae kwa panya.

Kilichoniokoa ni swali la mzee mmoja jirani. Aliwahi kuwa karani enzi za halmashauri ya jiji, kabla ya kaunti kuingia mwaka 2013. Alikuja kununua njahi, akaniuliza, "Mama, mlipeleka barua?" Nikamwambia tumepiga simu zaidi ya ishirini. Akasema, "Simu utaipiga muhuri wapi?" Akachukua njahi zake akaenda. Jioni nilimfuata kwake, akanionyesha jinsi barua ya ofisi inavyopangwa: tarehe, kichwa cha habari, ombi katika aya ya kwanza na malalamiko baadaye. Nakala mbili. Moja unaacha, moja inapigwa muhuri wa kupokelewa, unarudi nayo nyumbani.

Tarehe 1 Julai 2024, Jumatatu, siku ya kwanza ya mwaka mpya wa fedha, nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Mji ulikuwa bado na wasiwasi wa maandamano ya wiki iliyotangulia. Kijana wa kaunta alikuwa mpole kweli. Akachukua muhuri, akasukuma gurudumu dogo la tarehe kwa kidole gumba, akapiga, akaupulizia wino wa zambarau ukauke, akanipa. Nilitoka nimeinua kichwa. Sikuisoma.

Nilirudi mwishoni mwa mwezi kuuliza. Nikampa mama mwingine nakala yangu. Akaiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena. "Mama, hii barua hatukuipokea."

"Si muhuri wenu huo?"

"Muhuri ni wetu. Lakini tarehe hii haipo."

Nikasoma. 31 JUN 2024. Yule kijana asubuhi ile alisogeza siku akasahau mwezi. Barua yangu ilipokelewa siku ambayo Mungu hakuiumba. Kwenye matatu ya kurudi nilikaa kiti cha nyuma kabisa, uso dirishani, nikijiambia kwamba pengine lile panya lilikuwa sahihi.

Ndipo nikajifunza ushauri wangu wa pili, ambao ukiuangalia vizuri ni ule ule wa kwanza: soma muhuri kabla hujaondoka kaunta. Siku, mwezi, mwaka, sahihi. Ukicheleweshwa na foleni nyuma yako, waache wakasirike.

Niliporudia, sikupeleka malalamiko. Nilipeleka swali. Hapa nisikilize vizuri. Ukilalamika, utaambiwa "tumesikia". Ukiuliza swali kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Niliuliza mambo matatu tu: mtaro huu ni wa nani, uko kwenye bajeti au hauko, na kama hauko ni hatua gani inatakiwa ili uwepo.

Niliandika kwa Kiswahili. Kizungu ninakijua, lakini nikiwa na hasira kinanikimbia. Yule mama wa kaunta akaisukuma nyuma: "Andika kwa Kizungu, wakubwa hawatasoma hii." Sasa mimi nilikuwa nimelala na hiyo sheria wiki nzima, mtoto wangu alinipakulia kwenye simu. Kifungu cha 8 kinasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Nikamsomea. Nikamwongezea Katiba, kifungu cha 7, lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili ndicho kimetajwa kwanza. Foleni ikanyamaza. Mzee mmoja nyuma yangu akasema "Endelea, mama." Muhuri ukapigwa. Nikausoma. Tarehe ilikuwepo kwenye kalenda.

Jibu lilikuja siku ya 19. Aya moja. Ilisema barabara kubwa inayopita mbele yetu si ya kaunti, ila mtaro unaotoka madukani hadi kwenye kalavati ni wa kaunti, na haukuwa umetengewa pesa. Miaka yote tulikuwa tunafukuzwa kutoka ofisi hii kwenda ile, hawa wakisema ni ya wale, wale wakisema ni ya hawa, na kumbe kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli. Barabara za mjini nyingine ziko chini ya KURA, yaani mamlaka ya barabara za mijini, ambalo ni shirika la serikali ya kitaifa, nyingine chini ya kaunti, na ukiikosea tu, barua yako inazunguka kama punda wa kinu. Lakini maji ya mvua kwenye sehemu zilizojengwa ni kazi ya kaunti. Imeandikwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, namba 11. Nenda ukasome mwenyewe, usinitegemee mimi.

Jambo ambalo watu wetu hawalijui ni kwamba mtaro hautengenezwi siku unapofurika. Unatengenezwa kwenye karatasi, mwaka mmoja au miwili kabla. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha kabla ya mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukija Mei na kilio, pesa zimeshagawanywa, na atakayekuambia zipo ni yule kijana wa kadi shingoni.

Kwa hiyo Februari 2025 nilikwenda kwenye kikao cha maoni ya umma, ukumbi wa shule. Safu tatu za mbele zilikuwa za vijana waliovaa fulana za rangi moja, kazi yao kupiga makofi. Kila mkazi alipewa dakika mbili. Nilikuwa nimehifadhi kikombe kimoja cha yale maharagwe yaliyoota, yamekauka, vichipukizi vimekuwa kama nyuzi. Nikakiweka mezani mbele ya afisa. Akauliza hicho ni nini. Nikamwambia ni akiba yangu. Watu wakacheka, naye akacheka, lakini akakishika akakitazama kwa muda, na dakika zangu mbili zikawa tano. Nikasoma ile aya moja ya jibu lao wenyewe. Kisha nikatoa maoni yangu kwa maandishi, nikaomba muhuri.

Hawakuwa na muhuri. Umeacha muhuri ofisini, unakuja kukusanya maoni ya wananchi! Nikamwomba mwandishi wa kikao aandike jina lake, saa, tarehe na sahihi yake juu ya nakala yangu. Aliandika. Aprili nikarudi kwenye kikao kingine na karatasi ile ile, na safari hii muhuri ulikuwepo. Kwa hiyo ushauri wa tatu: muhuri, na kama haupo, jina na sahihi.

Kutoka hapo hadi mwaka huu sina hadithi. Ni kungoja, nauli, na kusimama kwenye kaunta. Mtaro uliingia kwenye bajeti ya 2025/26, Februari tingatinga likaja, na Machi mvua ilipopiga, maji yalipita nje ya duka langu yakaenda zake kama mgeni asiyenijua.

Siku ya uzinduzi walikuja kuazima viti. Nilitoa viti 12 vya plastiki. Mheshimiwa alishukuru uongozi, mkandarasi, wazee, vijana na "akina mama wetu kwa jumla". Mimi nilikuwa nimesimama karibu na tenti, faili ya kijani kwapani, kwa sababu nilidhani nitaitwa nayo. Sikuitwa. Viti vilirudi 11, na cha kumi na mbili kikaja jioni kimevunjika mguu.

Nimesema nimesamehe. Nimesema hivyo mara nyingi.

Lakini ngoja niwaambie ukweli, ndugu zangu wa Nairobi, na msinikasirikie. Sisi tunapenda kulia. Tunalia kwenye wasapu, tunalia kwenye matatu, tunampigia mtangazaji wa redio asubuhi, halafu kikao cha bajeti kikiitwa tunaenda watu sita, na mmoja ameingia kukwepa jua. Kisha tunatoa chai. Unampa mtu kitu kidogo ili afanye kazi ambayo tayari analipwa kwa kodi yako, na kesho unashangaa kwa nini hafanyi bila chai. Mimi nilitoa 13,000 nikapata panya. Kwa barua nilitumia karatasi, nauli na miguu yangu, nikapata mtaro. Kama unataka kuongoza watu na huwezi kusimama kwenye foleni saa mbili kwa ajili ya karatasi moja, kaa nyumbani. Na akina mama wenzangu, msikubali kuambiwa mko "kwa jumla". Andika jina lako chini ya barua, jina kamili, si "wakazi wa mtaa".

Dada wa Ruai, jibu lako: uliza kwanza mtaro ni wa nani, kwa maandishi. Nakala mbili. Soma tarehe.

Jumanne nilipeleka barua nyingine, ya ile taa ya mulika mwizi iliyozimika karibu na stendi ya bodaboda. Nilimkuta yule kijana wa Juni 31, bado yuko kaunta ile ile, sasa na ndevu kidogo. Aliniona nikiingia. Kabla sijafungua faili alichukua muhuri, akaugeuza juu, akazungusha siku, akazungusha mwezi, akanionyesha.

"Iko sawa, mama?"

Nikavaa miwani nikasoma.