Kutua kwa macho usiku juu ya ziwa: je, rubani msaidizi anyamaze?

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba juzi mkiingia Mwanza usiku, kapteni wako aliwaambia waongoza ndege kuwa anauona uwanja, akaruhusiwa kutua kwa macho, yaani kwa kuutazama uwanja badala ya kufuata vyombo vya kuongozea ndege, na ulipoanza kumsomea umbali na kimo akakujibu, "Uwanja tunauona, namba za nini?" Unauliza kama ulikosea kuendelea kuzisoma. Hukukosea, na sababu yangu ni tukio lililonipata nikiwa kwenye kiti hicho hicho cha kulia, cha rubani msaidizi.

Tulikuwa tunatoka Dar es Salaam kuja Mwanza kwa ndege ya pangaboi, usiku wa giza, yaani siku zile ambazo mwezi haupo na wavuvi wa dagaa wote wamo kazini. Anayeishi Kirumba au Igombe anajua ziwa linavyokuwa usiku wa namna hiyo: taa za mitumbwi zimetapakaa majini hata ungedhani ni mji mwingine. Kwa aliye nchi kavu ni jambo la kupendeza. Kwa aliye hewani, anayekuja kutokea upande wa maji, hakuna mstari wa upeo, hakuna mti wala paa la nyumba la kumpa kipimo, na taa zile zinajipanga chini ya pua ya ndege kana kwamba ndizo ufuko wenyewe. Jicho linaamini kuwa uko juu mno, na mkono unaifuata imani hiyo kwa kushusha pua.

Kapteni wangu alikuwa mtu mzima, hodari wa kushika usukani kuliko wote niliowahi kuruka nao, na kila tulipokutana nilimwamkia shikamoo. Uwanja wetu uko takriban futi 3,760 juu ya usawa wa bahari, na kwa mteremko wa nyuzi 3 ndege hushuka kiasi cha futi 300 kwa kila maili ya baharini. Kwa hiyo tukiwa maili 4 kutoka uwanjani, altimita, yaani kipima kimo, ilipaswa kusoma karibu futi 4,960. Ilisoma 4,400. Niliitazama, nikamtazama yeye, nikaitazama tena, nikijiambia kwamba mzee huyu lazima anaona nisichokiona. Nilipovuta pumzi ya tatu ndipo nikasema, "Kapteni, tuko chini kwa futi mia tano." Hakubisha. Aliongeza nguvu za injini, tukapaa, tukazunguka na kurudi kwa kufuata vyombo. Tulipozima injini hakufungua mkanda, aliniuliza, "Uliona lini?" Nikamjibu ukweli, kwamba niliona kabla sijasema. Akasema, "Siku nyingine usinisubiri."

Wengi wetu huchukulia ruhusa ya kutua kwa macho kama nafuu, kwa sababu inafupisha njia na kuokoa mafuta. Lakini mara tu mnapoikubali, wajibu wa kukwepa vilima, na hapa kwetu mawe, unahamia kwenu. Mwongoza ndege hakuoneshi tena uko wapi juu ya ardhi. Ndiyo maana namba zinahitajika zaidi wakati huo kuliko mnapofuata vyombo.

Tarehe 6 Julai 2013, huko San Francisco, Boeing 777 ilikuwa inatua kwa macho mchana wa anga safi, kifaa cha ardhini kinachoonesha mteremko kikiwa kimezimwa. Mwendo uliokusudiwa ulikuwa maili 137 za baharini kwa saa, ukaporomoka hadi karibu 103, na mkia ukagonga ukuta wa bahari. Watu 3 walifariki. Marubani watatu walikuwa ndani ya chumba kile, na aliyeshika usukani aliwaambia wachunguzi baadaye kwamba kutua bila kifaa kile kulimtia wasiwasi. Ninapokumbuka habari hiyo, moyo wangu unakwama hapo: mtu ana wasiwasi, wenzake wako kando yake, na wasiwasi wenyewe hausemwi kwa wakati.

Wapo wenzetu wanaosema kutua kwa macho kuachwe kabisa. Sikubaliani nao, kwani mkono usiofanya mazoezi unasahau kazi, na iko siku vyombo vitakataa. Mazoezi hayo yafanywe mchana, hewa ikiwa tulivu, vyombo vikiwa vimewashwa na kusomwa. Usiku, kutokea ziwani, mimi siombi, na nikipewa siikubali.

Kuhusu kapteni wako, usimngoje hewani. Kabla ya kuwasha injini, mwambie kwa adabu: "Mzee, tukikubali kutua kwa macho, kuanzia maili 5 nitasoma umbali na kimo kila maili, na nikisema tupae, tupae kwanza, tuzungumze baadaye." Hewani mpe namba, si maoni, maana "naona kama tuko chini" inabishaniwa, ilhali "maili 3, futi 4,300" haibishaniwi. Ukisema mara mbili asijibu, tamka wazi kwamba unachukua usukani, kisha uuchukue. Na akikataa mapatano hayo hapo chini kabla hamjaruka, mpelekee mkuu wa marubani taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo, ukitaja ndege, saa na maneno yaliyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza.