Picha inakata saa sita mchana, na ubishi wa setilaiti na mwandishi wa hadithi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Morogoro, king'amuzi changu kinashika setilaiti ya nyuzi 36 mashariki. Tangu tarehe 21 mwezi huu wa tatu picha inakata mchana, saa sita na kitu, dakika chache tu halafu inarudi yenyewe. Fundi wa mtaani anasema LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) imekufa ninunue nyingine. La pili, kijana wangu wa sekondari anabisha eti setilaiti za namna hii alizitabiri mwandishi wa hadithi za kisayansi kabla roketi haijaenda popote. Na kama kweli kitu kimesimama huko juu, mbona hakianguki?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Usinunue LNB bado, subiri. Naanza na la kijana maana ukilielewa hilo la kukata linajijibu lenyewe.

Kijana yuko karibu na ukweli kuliko wewe, samahani mzee mwenzangu. Anayemsema ni Arthur C. Clarke, Mwingereza, ambaye baadaye alihamia Sri Lanka na kuwa mwandishi mkubwa wa hadithi za anga. Ila kile alichokiandika hakikuwa hadithi. Ilikuwa makala ya kifundi kwenye jarida la mafundi redio la Uingereza, Wireless World, la Oktoba 1945, jamaa ana miaka 27 na kazi yake ni mambo ya rada kwenye jeshi la anga. Sasa mimi neno "kutabiri" silipendi hapa, kwa sababu yule alipiga hesabu, na hesabu yenyewe hata kijana wako anaiweza.

Iko hivi. Kitu kinachozunguka dunia kinaanguka muda wote, ila kina mwendo mkali wa kwenda pembeni kiasi kwamba kila kikianguka kidogo na dunia nayo imeshakunja, basi kinaikosa, kinaikosa, kinaikosa. Ndo maana hakifiki chini. Ukiwa karibu inabidi ukimbie sana, kile kituo cha anga kilichoko kama kilometa 400 juu kinamaliza mzunguko kwa dakika tisini na kitu. Mwezi uko kilometa 384,000 na unatumia siku 27. Sasa fikiria, kama wa karibu anatumia saa moja na nusu na wa mbali siku 27, lazima katikati pawe na mahali ambapo mzunguko ni siku moja sawasawa na dunia inavyojizungusha, si ndiyo? Pako, ni karibu kilometa 36,000 juu ya ikweta. Setilaiti ya hapo inakimbia kilometa 3 kila sekunde, lakini wewe uliye chini unaiona imeganda.

Clarke akasema weka tatu tu za hivyo, umeizungushia dunia nzima redio na televisheni. Ya Afrika na Ulaya aliipanga nyuzi 30 mashariki, ukishusha mstari kutoka pale unaangukia ikweta karibu na Kasese, Uganda. Yako iko nyuzi 36, yaani ni jirani yake kabisa, mimi hiyo kila nikiikumbuka juu ya paa natabasamu.

Lakini hakuwa wa kwanza kuujua mzunguko huo. Herman Potočnik, ofisa wa jeshi la zamani la Austria, alishaupigia hesabu kwenye kitabu chake cha 1929. Clarke alichoongeza ni ile "itumike kwa mawasiliano" na akaichambua kifundi.

Na alipokosea ndo pananifurahisha zaidi. Alidhani vituo hivyo vitakaa na watu! Kwa sababu redio za 1945 zilikuwa za valvu, zile taa za vioo zinazoungua ovyo, sasa nani atazibadilisha kilometa 36,000 juu kama hakuna fundi anayelala hukohuko? Umeme nao akawaza vioo vikubwa vya kukusanya jua vichemshe boila ya injini ya mvuke. Transista, kile kipande kidogo kinachofanya kazi ya valvu bila kuungua ovyo, ikaja mwishoni mwa 1947, baadaye sola, fundi wa angani akakosa ajira kabla hajaajiriwa.

Julai 1962 ikarushwa setilaiti ya Telstar, ila hiyo ilipita chini, inazunguka kwa saa mbili na nusu hivi, kwa hiyo madishi makubwa ya ardhini yalikuwa yanageuka kuifuata kama alizeti. (Mmoja wa wakubwa wa mradi ule, John Pierce, naye alikuwa anaandika hadithi za kisayansi kwa jina la bandia, kwa hiyo mwandishi na injinia wakati mwingine ni mtu yuleyule.) Ikaja Syncom 2 mwaka 1963, ya kwanza kuzunguka kwa siku moja, na Agosti 23 mwaka huohuo Rais Kennedy akiwa Washington akaongea kupitia hiyo na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, aliyekuwa ndani ya meli bandarini Lagos. Iliyoganda kabisa juu ya ikweta ni Syncom 3, Agosti 1964. Miaka 19 tu tangu ile makala.

Haya, LNB yako. Morogoro mko karibu na ikweta na karibu na nyuzi 36, kwa hiyo setilaiti iko karibu utosini kwenu, ndo maana dishi lako limelala linaangalia juu, mvua ikinyesha majani na uchafu vinabaki humo (lifute bwana). Jua nalo kipindi hiki cha mwezi wa tatu linapita utosini hapohapo. Siku chache mfululizo, kama saa sita na dakika arobaini mchana, jua linakaa nyuma ya setilaiti kabisa, na jua lenyewe linatoa mawimbi ya redio kwa kelele kubwa, dishi linazimeza zote, signali inazama, picha inaganda. Jua likisogea, picha hiyo. Itakutokea tena mwezi wa tisa, kwenye tarehe 20 hivi, mapema kidogo ya saa ile.

Kwa hiyo kaa siku tatu nne. Ikiacha yenyewe, hela yako iko salama. Ikiendelea mpaka mwezi wa nne, au ikaanza kukata na usiku, hapo jua halihusiki, angalia kwanza maji kwenye koneta ya waya pale nyuma ya LNB kabla hujanunua chochote.